Ukurasa wa Tisa

Mwalimu mgeni hapa Kaliua
kanishika mkono kwa mikono miwili:
"Kumbe ndiwe, mdogo wake Kalunde!"
Ndimi. Nikamsogezea kigoda.

Vitabu vyangu viwili vimo kabatini,
chini ya mizani ya asali.
Hakuuliza. Sikuonyesha.

Akafungua cha dada, akasoma kwa sauti
pale mtoto anapopanda mninga kurina,
nyuki wakamfunika uso.
"Alivyoteseka!" akasema, machozi yakimlenga.

Dada hajapanda hata ngazi.
Alikaa chini, kashika kibuyu, anacheka,
mimi juu nalia.

Lakini ule mvumo,
unavyoingia sikioni kama treni ya Mpanda usiku,
sijapata kuuandika hivyo.

Akaomba saini.
Nikaandika: Kalunde.
Nukta nikaweka yangu.