Sufi

Kazi yangu ni kupiga sufi, uwanjani Guraya,
kwa fimbo mbili za mkwaju,
mpaka bonge lililolaliwa miaka kumi
linyanyuke, lipumue, liwe godoro tena.
Jioni narudi na nyusi nyeupe.
Shee hunirukia mlangoni,
huuzika uso kifuani mwangu.

Kisha husugua.
Kwa ngumi, kwa ukingo wa kanzu ya chuoni,
mato mekundu kama aliyekesha matangani.
Asubuhi huvuta utando kopeni kwa kidole,
mweupe, mrefu,
kama mimi nivutavyo uzi.

Bi Amria wa chumba cha pili akasema: ni jito hilo,
watu wana husuda.
Tukamfukiza. Tukamwosha kwa maji ya chai.
Dukani nikauziwa kichupa cha kifuniko cha waridi:
siku mbili, mato meupe kama sahani!
Nikanunua cha pili. Cha tano.
Dawa inayoponya, nani huihoji?

Daktari Mghoi aliupindua ukope kwa kijiti cha pamba,
akaniita nitazame:
vinundu vimebanana kama kokoto.
"Ni mzio," akasema. "Mwili umemwona mgeni
ukamdhania mwizi. Mayowe yake ndiyo haya."
Kichupa changu akakigeuzageuza.
"Hiki hunyamazisha mayowe. Na huku nyuma
hupandisha presha ya jicho, polepole, bila maumivu.
Nani alikuandikia?"
Nikatazama viatu vyangu.

Hakijaharibika kitu, alisema. Bado.
Hilo "bado" nililibeba kutoka Makadara hadi nyumbani.

Sasa ni matone mengine, asubuhi na jioni,
hata siku asiyowashwa.
Kitambaa cha maji baridi badala ya ngumi.
Kofia juani. Kurudi kupimwa presha.
Huenda ukamwacha akibalehe, alisema; huenda.

Hakuniambia niache kazi.
Aliuliza tu nafanya kazi gani,
akaandika, kalamu ikasimama kidogo.

Siku hizi naoga nyuma ya karakana,
nakung'uta nyusi kwa kiganja cha maji.
Shee analalia sponji ya dukani,
mtoto wa fundi sufi! Wenzangu wamecheka wamechoka.

Jana alikuja mbio. Nikamzuia kwa mkono, nikahesabu:
shati, nywele, kucha.
Akangoja, mikono kaiweka nyuma asisugue,
akinitazama kwa mato yale
kana kwamba anataka kujua
mgeni ni nani.