Vitundu

Mama aliniuliza mara moja tu, huku anachambua mchele:
"Bastola ya nini, Shinuna? Unataka kumwua nani?"
"Karatasi, mama."
Akapepeta ungo. "Na karatasi imekukosea nini?"

Kibali kilichukua miezi mitano,
mihuri mitatu, na picha mbili nisizofanana nazo.
Fedha zilikuwa riali mia mbili na arobaini,
za kofia nilizozidarizi usiku na kuziuza Jumatano
katika soko la wanawake la hapa Ibra:
kofia kumi na tisa,
na moja iliyorudishwa, kwa sababu kichwa cha bwana harusi
kilizidi kile alichokisema mama yake.

Muuzaji alianza na ya Kitaliano.
Mpini wa mti wa jozi, umechongwa kufuata vidole,
vidole vya mtu mwengine. Riali mia tisa na themanini.
Nikaishika kama unavyomshika mtoto wa watu,
nikairudisha.
"Kizuri chajiuza," akasema.
Kijiuze, nikamwambia, ila mnunuzi si mimi.

Ya pili mpya, nyepesi, inang'aa kama mfuniko wa sufuria.
Nikavuta kifyatulio, bila risasi:
kikaburuta, kikasita, kikaburuta tena,
kama mlango wa bafu uliovimba maji.

Ya tatu aliitoa ndani ya bati la biskuti.
Rangi imemwagika mdomoni mwa mtutu,
mpini umefungwa utepe wa fundi umeme.
Riali mia moja na sitini, na aliona haya kidogo kuitaja.
Kifyatulio chake hakikusema neno
mpaka kilipokuwa kimekwisha kusema.

Muhenna, anayetufundisha, hana ncha ya kidole cha shahada
na hana subira na majina yaliyochorwa kwenye chuma.
"Usiniulize mimi. Iulize karatasi."
Basi tukaenda bondeni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
kabla chuma hakijawaka,
mita ishirini na tano, na mfuko wa mchanga chini ya mpini
ili mkono wangu usitoe ushahidi.

Risasi zenyewe ni nyembamba kuliko penseli.
Moto wao haukai katikati.
Umefichwa kwenye upindo wa shaba, kule kitakoni,
kama fundi anavyolificha fundo la uzi,
na nyundo hugonga upindo.
Nililipenda hilo kabla sijapiga hata moja.

Ile mpya ilitawanya zake tano
kama kokwa za tende wageni wakishaondoka.
Ile ya bati la biskuti, kwa risasi za bei kubwa, vivyo hivyo.
Nikakata tamaa. Muhenna akacheka:
"Kila chuma kina tumbo lake. Ilishe kitu kingine."
Tukajaribu za boksi la buluu, za bei ya chini kabisa.
Tano.
Nikatembea mpaka kwenye karatasi, sikukimbia,
nikaweka juu yake sarafu ya baisa hamsini.
Havikuonekana.

Mimi najua vitundu.
Miaka kumi na minne natoboa kitambaa cheupe
na kukizungushia uzi kila kitundu kisifumuke.
Najua kilichotobolewa kwa haraka
na kilichotobolewa na mtu aliyekuwa anawaza jambo jengine.

Riali themanini zilizobaki: sitini za maboksi ya buluu,
kumi na tano za uzi,
tano nikanunua halwa, kwa kuwa sikujua namna nyengine
ya kuingia nyumbani na bastola.

Mama hakuigusa. Aliichukua karatasi
ya mazoezi ya wiki ile, bila mfuko wa mchanga,
akaiinua kwenye taa, jicho moja amelifumba,
kama anavyozikagua kofia zangu tangu nina miaka tisa.
Akaweka kucha pembeni.
"Hiki kimetoka nje."

"Hicho changu," nikasema. "Vyengine vyake."