Inachemsha

Nje kuna jalidi. Misonobari imekakamaa,
ndoo ya kuku imefunikwa na barafu kama kioo,
na mashine hii, peke yake katika ghuba nzima,
inachemsha.

Dakika nane. Nimezihesabu kwa saa ya jikoni.
Dakika nane tangu nivute kamba ya kuwashia,
kisha taa nyekundu,
kisha ile harufu tamu ya maji ya kijani
inayonifuata mpaka kwenye mto wa kulalia.

Niliifungua mwenyewe, Septemba, juu ya meza ya chakula,
magazeti chini, skrubu kwenye bakuli la uji.
Pistoni mpya, ringi mpya,
silinda imechongwa upya mjini Gander
na fundi aliyeniuliza mara mbili kama mume wangu anajua.

Mume wangu anajua.
Ambrose amekaa dirishani,
mkono wa kulia umelala pajani kama glavu ya mtu mwingine,
na maneno aliyoachiwa na kiharusi
yanaenea kwenye kiganja:
chai, hapana, mbwa, Drusilla mara mojamoja,
na tusi moja,
hilo halikupotea hata herufi.

Basi nikaanza na kilicho karibu.
Rejeta ni safi, nimeipuliza mpaka masikio yakaziba.
Feni inazunguka nikiiunga moja kwa moja na betri.
Themostati niliitia kwenye sufuria ya viazi,
ikafungua kinywa kwa wakati wake, mtoto mtiifu.
Nikafungua tena kichwa cha silinda,
nikidhani gasketi nimeilaza kinyumenyume.
Nilikuwa nimeilaza sawa.
Nusura nilie. Nililitamani kosa lile.

Plagi ikatoka nyeupe kama chaki.
Nikasema, aa, petroli haiitoshi,
nikaweka jeti yenye tundu pana zaidi.
Nikanyunyiza maji shingoni mwa kabureta
nikitega sikio: sauti haikubadilika.
Plagi sasa ina rangi ya biskuti.
Dakika tisa.
Kwa wiki nzima, nimenunua dakika moja.

Kuni ziko maili nne ndani ya msitu,
zimekatwa, zimepangwa,
na theluji haimngoji mtu agundue alipokosea.

Jioni nikamsimulia yote, kama ninavyomsimulia kila kitu,
huku namkatia nyama vipande.
Akaacha kutafuna.
“Hewa,” akasema.

Neno jipya! Tangu Machi sijasikia neno jipya.
Nikaruka, nikafungua dirisha,
baridi ikaingia mpaka kwenye mchuzi.
“Hapana.”
Nikamlegeza kola.
“Hapana! Hewa.”
Nikamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo,
jicho langu likiwa kwenye simu ya zahanati,
naye akalitoa lile tusi, zima, zuri,
akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto
akakielekeza bandani,
akainua ncha yake juu, juu,
mchuzi ukamtiririkia mkononi.

Nikatoka na ndara za ndani.
Nikaipandisha magurudumu ya mbele juu ya magogo
mpaka pua ikatazama nyota,
nikalegeza skrubu ndogo kichwani mwa silinda,
ile niliyodhani haina kazi.
Ikakohoa. Ikatema.
Kipovu, kipovu, kimya, kipovu kikubwa:
hewa iliyohamia mle tangu Septemba,
ikikaa mahali pa maji bila kulipa kodi.
Kisha uzi wa kijani, mwembamba, usiokatika.

Nikavuta kamba.
Dakika nane. Tisa.
Ishirini, na vidole vyangu ndivyo vilivyoomba kurudi ndani.

Dirisha lilikuwa bado wazi, nyama imeganda mafuta.
“Chai,” akasema.
Nikamwambia, leo hupati chai mpaka useme jina langu.
Akanitazama sana.
“Mbwa,” akasema,
na mbwa akaamka chini ya meza, akaja.

Nikafunga dirisha.
Nikaenda kuchemsha maji.