Dakika Tatu kwa Kila Mtoto

Miwani ni moja, watoto kumi na tisa.
Idara ya elimu ya Naryn iliituma kwa lori la makaa,
ikafika na vumbi jeusi kwenye vioo,
nikaifuta kwa ncha ya shali yangu
nikiogopa kuikwaruza,
maana nimeiwekea sahihi kurasa mbili.

Miaka yote nilifundisha anga kwa kitunguu na taa.
Kitunguu Dunia, taa Jua,
na Mwezi ni njegere
iliyopotea chini ya madawati kila muhula.

Sasa dakika tatu kila mtoto. Ermek ndiye mshika saa,
saa ya kuchemshia mayai aliyoiiba
(aliiazima, asema) jikoni kwa mama yake.
Nje theluji imefika usawa wa dirisha.
Ndani, Sanjar ananyoosha mikono
akamate pete za Zohali, anakamata
nywele za Begimai aliyekaa mbele yake.
"Ni barafu tu, Mwalimu! Mapande ya barafu!
Kama mtoni!"
Uso wake uso wa mtu
aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Cholpon amenunua zamu ya mwenzake
kwa konzi ya zabibu kavu.
Cholpon ndilo jina la Zuhura huku milimani.
Bibi yake alimpa, alfajiri ya msimu wa kondoo kuzaa,
alipotoka zizini na damu hadi viwikoni
akaiona nyota juu ya mlima, peke yake, haina haraka,
na mkunga akamwita ndani.
Kwa hiyo mtoto hakutaka Mirihi wala Mshtarii.
Alitaka kwenda kwao.

Dakika ya kwanza alinyamaza.
Ya pili, akaficha vidole ndani ya mikono ya sweta.
Mawingu ya njano. Mvua ya asidi
inayokauka kabla ya kugusa chini. Joto
la kuyeyusha risasi kama siagi.
Hakungoja saa ilie.
"Kumbe wewe ni tanuri!" Ermek akacheka,
na darasa zima likacheka naye, na mimi,
mwenye miaka ishirini na miwili kazini,
nikatafuta la kusema, nikashika chaki.
Kisha umeme ukakatika.

Asubuhi nilimkuta uani kabla ya kengele,
pumzi yake ikifuka kama ya farasi,
daftari kalikumbatia kifuani.
"Nimesoma kwa simu ya kaka.
Hajamaliza kujigeuza mara moja,
mwaka wake umeshakwisha.
Mzito wa kuamka. Kama mimi."

Ilikuwepo, juu ya mlima, nyeupe,
haijui lolote la jana.
Nilitaka kumwambia kizuri hakikosi ila,
methali nilikwisha kuifungua kinywani,
akanitangulia:
"Bibi hana habari ya asidi.
Tusimwambie."

Nikaapa.
Tukaingia kuwasha jiko. Umeme umerudi,
betri ina asilimia nne,
na Begimai, nywele zake zimesukwa upya,
amekwisha kaa mstari wa mbele
akidai dakika zake tatu.