Ratili Ishirini na Nane

Mie fundi wa vitanda. Nayajua matendegu,
najua mbao zinavyolalamika usiku chini ya maharusi.
Uta sikuwahi kuushika
hadi Mkasi binti Ngwali aliponiletea mmoja, hapa Jadida,
umezongwa kanga kama mtoto mwenye homa.
"Wa marehemu baba," kasema. "Ulikuwa darini.
Tangu mashindano ya skuli, miaka ile."

Nikaufunua. Loh!
Mtu aliuvika upote kinyume,
akautundika msumarini, akenda zake.
Ncha zilizoumbwa zitazame mbele
zilikuwa zimelazimishwa kuinama nyuma,
kama mtu aliyezoea kuitika "labeka"
hata asipoitwa.

Upote sikuukata. Uta uliovutwa haukatwi upote.
Niliukandamiza kwa goti, nikaufungua taratibu,
nikausikia ukishusha pumzi. Au nilishusha mie.

Mkono wa chini ulikuwa umeachia gundi,
matabaka mawili yamefumbua mdomo
upana wa ukucha. Nikapenyeza gundi kwa unyoya wa kuku,
nikafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, zongo juu ya zongo,
siku tatu. Kisha nikangoja tena, maana vuli ilikuwa haijaamua.
Vanishi ikipata unyevu hugeuka tui,
na mie sikutaka uta wa kupikia mchuzi.

Nikaanza na msasa wa dukani,
nikamalizia majani ya msasa, yale ya mti:
wa dukani hutafuna, wa mti hulamba.
Chini ya rangi ya kahawia, ile ya madirisha ya skuli,
ukatokea ubao mwekundu. Jina lake silijui, si mti wa kwetu,
nyuzi zake zimenyooka kama mistari ya daftari.
Na juu ya mshiko, karibu na pale mshale unapolala,
herufi.

R. Nikapuliza vumbi.
A. Iliyofuata nilidhani ufa.
Kisha A nyingine, imeporomoka kidogo.

Jina Ngwali halina R, hata ulisome kinyume.
Raya ni mama yake Mkasi. Yuko hai, mtaa wa pili,
anauza mikate ya ajemi,
na kila asubuhi hunipa wangu uliobabuka, kwa kuwa ndio niupendao.
Hajanambia neno.

Upande ule sikupitisha msasa tena.
Wala sikwenda kuuliza. Fundi haulizi
kitanda kimelaliwa na nani.
Nikapaka vanishi nyembamba, mikono saba,
herufi zikakaa ndani yake kama nzi ndani ya sandarusi.

Ijumaa baada ya sala wakaja wote wawili.
Mkasi alizisoma kwa kidole, akanitazama
kana kwamba nimezichonga mie.
Bi Raya hakuzitazama.
Alitazama upote. "Umeuvika sawasawa," akasema,
akavua viatu. Kwa nini viatu, sijui.
Akasimama ubavu, baina ya kabati la watu
na meza ya watu isiyo na mtoto,
kidole kimoja juu, viwili chini,
akavuta mpaka upote ukamgusa kidevu.

"Ratili ishirini na nane," alisema, bado ameshikilia.
"Wasichana tulipewa za ishirini. Nikakataa."
Mikono ilimtetema. Kiwiko hakikushuka.

"Mama, lakini baba alisema..."

"Baba yako alikuwa akiokota mishale."

Akaurudisha polepole, bila kuufyatua,
maana uta usio na mshale ukiuachia huvunjika.
Hilo nalo alilijua.

Nilikuwa nimepanga kuwatoza elfu thelathini.
Ulimi ukasema ishirini na nane.
Bi Raya akahesabu noti zinazonuka hamira,
akavaa viatu, akatangulia na uta begani.
Mkasi akafuata nyuma, amebeba kanga tupu,
akiikunja, akiikunjua, akiikunja.