Eda

Baba hana eda, sheria haikumwandikia.
Wete, siku ya arobaini na tatu,
kanzu ikapigwa pasi, udi ukafukizwa,
akaingia Mgeni na sanduku la bati.

Hana ubaya. Aliniuliza kwa haya
chumvi tunaiweka wapi.
Lakini anakalia mbuzi ya mama,
na mbuzi inalia vilevile,
haijui paja la nani.

Eda nikakaa mimi:
miezi minne na siku kumi
bila wanja, bila hina, bila asumini.

Leo imekwisha. Nimeoga,
nimekuna nazi, nimepika mchuzi wa pweza
alivyoupika marehemu.
Baba akaonja.
Akainuka na sahani,
akaenda kulia uani.

Sikumuuliza kulia kupi.