Tundu la Msumari

Saa moja asubuhi, Leipzig bado kiza,
Bwana Quandt akaja na kurunzi na rula,
akapima kuta kama fundi wa suti.
Doa la kahawa: yuro thelathini.
Mkwaruzo mlangoni: hamsini.
Tundu la msumari, ukuta wa jikoni:
hapo akasimama kitambo,
akaandika mia mbili.

Mia tisa zilikuwa zangu, jina lake amana,
na miezi mitatu zilikaa kwake
kama mgeni asiyejua kuaga.

Niliandika barua. Akajibu kwa barua.
Kwenye chama cha wapangaji, ghorofa ya pili,
Bi Henrike, miwani imefungwa kwa uzi,
akauliza swali moja tu:
«Siku ya kuingia, ulipiga picha?»

Nilipiga, nimwonyeshe mama dirisha.
Dirisha likatoka ukungu mtupu, ukuta ukatoka vizuri.
Tundu lilikuwepo tayari,
na kulizunguka, duara jeupe,
mfano wa kidole kilichovuliwa pete.

Tukakutana jikoni mle, hata kiti hakuna.
Akaivuta picha karibu. Akaipeleka mbali.
«Saa ya Annegret,» akasema,
wala hakuwa akiniambia mimi.

Kisha akafuta mia mbili.
Akafuta na hamsini, sikumwomba.
Doa la kahawa nililikubali, lilikuwa langu.

Alhamisi zikaingia, mia nane na sabini.
Picha aliomba abaki nayo.
Nikamwachia,
sikudai risiti.